Bill Inman

William Howard Wallace Inman (1929 – 2005), aliyejulikana zaidi kama Bill Inman, alikuwa daktari wa Uingereza. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Kadi ya Njano, ambao kwao madaktari hutoa taarifa za madhara ya dawa.

Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipatwa na polio, na tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Hata hivyo alimaliza masomo ya udaktari.

Kadi ya Njano

Mwaka 1961 dawa ya thalidomide iliondolewa sokoni baada ya kujulikana kuwa ilisababisha watoto wengi kuzaliwa na viungo pungufu. Uingereza ikaunda kamati ya usalama wa dawa chini ya Derrick Dunlop, na Inman akaajiriwa humo. Mwaka 1964 kadi za njano zilisambazwa kwa madaktari wote, wa meno wakiwemo. Daktari hakutakiwa kuthibitisha kitu. Shaka ilitosha, na taarifa yake ilikuwa siri.

Pamoja na wenzake, wakiwemo watafiti wa Sweden na Denmark, Inman alionyesha kwamba vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni nyingi viliongeza hatari ya damu kuganda. Kutokana na kazi hiyo, madaktari walishauriwa kutoa vidonge visivyozidi mikrogramu 50 za estrojeni.

Dhambi saba

Tatizo lilikuwa kwamba kadi nyingi hazikujazwa. Hilo lilidhihirika kwa practolol, dawa ya moyo iliyodhuru macho ya wagonjwa. Kwa miaka kadhaa kamati haikupata dalili ya maana. Lakini daktari mmoja wa macho alipochapisha habari zake katikati ya miaka ya 1970, wengine walikumbuka wagonjwa wao na kuleta taarifa kwa mamia. Walikuwa wameyaona macho hayo bila kuyahusisha na dawa.

Mwaka 1976 Inman aliorodhesha sababu za ukimya huo akaziita dhambi saba. Daktari huridhika, akidhani dawa iliyoruhusiwa ni salama, huogopa kushtakiwa, huona hatia kwa kuwa ndiye aliyeandika dawa, hujiwekea visa ili avichapishe kwa jina lake, hajui utaratibu, huona haya kupeleka jambo ambalo ni shaka tu, au ni mvivu. Ya kuona hatia pengine ndiyo nzito kuliko zote, maana humpata hata daktari mwema.

Southampton

Mwaka 1980 aliacha kazi ya serikali akaanzisha kituo cha utafiti wa usalama wa dawa huko Southampton. Safari hii hakusubiri madaktari waandike. Kwa kutumia vyeti vya dawa aliwatambua waliopewa dawa mpya, kisha akawatumia madaktari wao fomu za kijani, akiuliza kila kilichompata mgonjwa, hata mguu kuvunjika. Hivyo daktari hakulazimika kuamua kama dawa ndiyo yenye kosa.

Inman alifariki mwaka 2005. Mwaka huohuo wagonjwa wa Uingereza walianza, kwa majaribio, kuruhusiwa kupeleka taarifa wenyewe. Fomu za njano hutumika pia katika hospitali za Tanzania na Kenya.