Pasteur, Kichaa cha Mbwa na Wajibu Wetu

Tarehe 28 Septemba 1895 alifariki dunia huko Ufaransa mtaalamu mmoja aliyeitwa Louis Pasteur. Tarehe hiyo huadhimishwa ulimwenguni kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa. Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu wa Visiwani, pamoja na watendaji wa Serikali, habari za maisha ya mtu huyu. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kumsifu Mzungu aliyekwisha kufa zamani. Tunafanya hivyo kwa sababu kazi aliyoianza haijamalizika, na kwa sababu sisi wenyewe, katika kisiwa cha Pemba, tumepata ushahidi wa namna inavyoweza kumalizika na wa namna inavyoweza kuharibika.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi aliyepata kuwa askari katika jeshi la Napoleon. Haikuwa nyumba ya mabwana wala ya wanazuoni. Alikulia katika mji wa Arbois, na huko, mwaka 1831, mbwa mwitu mwenye kichaa aliingia na kuwauma watu kadhaa. Dawa iliyojulikana wakati huo ilikuwa moja tu, nayo ni kumpeleka aliyeumwa kwa mhunzi ili jeraha lichomwe kwa chuma chekundu. Mtoto Pasteur, mwenye umri wa miaka 8, aliishi karibu na mambo hayo, na wanaosimulia maisha yake husema kuwa hakuyasahau.

Hakusomea udaktari. Alisomea kemia, na kazi yake ya kwanza iliyompa sifa ilihusu fuwele na uchachu. Alionyesha kwamba mvinyo na maziwa haviharibiki vyenyewe, bali huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kutokana na kazi hiyo ilitokea njia ya kupasha moto vinywaji ili kuviua vijidudu hivyo, njia ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1865 serikali yake ilimtuma kusini mwa nchi kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri na kuwafilisi wakulima. Katika miaka hiyo misiba ilimfuata nyumbani. Kati ya watoto wake watano, mabinti watatu walikufa wakiwa wadogo. Mwezi wa Oktoba 1868 alipata kiharusi kilichoupoozesha upande wake wa kushoto, na hakupata kupona kabisa. Kazi zake kubwa juu ya magonjwa ya wanyama na ya watu alizifanya baada ya hapo, akiwa mtu mwenye mkono mmoja dhaifu na mwendo wa kuchechemea.

Mwaka 1881, mbele ya wakulima, madaktari na waandishi wa magazeti, aliwachanja kondoo na ng'ombe dhidi ya kimeta. Waliochanjwa waliishi, na kondoo wasiochanjwa walikufa wote walipoambukizwa. Lakini kimeta husababishwa na bakteria, kijidudu ambacho hadubini ya wakati ule iliweza kukionyesha. Kichaa cha mbwa, alichokuwa ameanza kukichunguza mwaka 1880, kilikuwa jambo jingine. Pasteur alichukua mate ya mbwa wagonjwa, akayatazama kwa hadubini mara nyingi, na asikipate kijidudu kinachouleta ugonjwa huo. Alijua kipo, maana ugonjwa ulihama kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Hakukiona mpaka anakufa.

Leo twajua kwa nini hakukiona. Alikuwa akipambana na kirusi. Kirusi ni kidogo mno kuliko bakteria. Tena hakiwezi kuzaana peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mnyama au ya mtu na kuilazimisha kukitengenezea virusi vingine. Mwaka 1898 wanasayansi wa Kijerumani walithibitisha kwamba kitu kinacholeta ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe hupenya katika chujio linalozuia bakteria, na mwaka 1903 ikathibitika hivyo hivyo kwa kichaa cha mbwa. Kukiona chenyewe kulisubiri mitambo ya elektroni ya karne ya 20.

Inafaa pia wananchi waelewe jinsi kirusi hiki kinavyofanya kazi, maana humo ndimo ilimo siri ya kukishinda. Mbwa mgonjwa akiuma, kirusi huingia jerahani pamoja na mate. Hakikimbilii kwenye damu kama wengi wanavyodhani, bali hushika mishipa ya fahamu na kusafiri polepole kuelekea kwenye uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua baina ya mwezi 1 na miezi 3. Aliyeumwa usoni au kichwani huwa hatarini mapema zaidi kuliko aliyeumwa mguuni, kwa kuwa njia ni fupi. Kirusi kikishafika katika ubongo hushuka tena kupitia mishipa hadi kwenye tezi za mate, na wakati huo huo huivuruga akili. Kwa hiyo mbwa hupata hamu ya kuuma wakati ule ule mate yake yanapojaa sumu. Mtu aliyeambukizwa hushikwa na mkazo wa koo hata akaogopa maji anayoyaona. Dalili hizo zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Akili ya Pasteur na wasaidizi wake, hasa Émile Roux, ilikuwa katika kuutumia muda huo wa safari. Walipandikiza ugonjwa katika sungura, wakachukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa na kuuanika katika chupa zenye hewa kavu. Kadiri ulivyokauka ndivyo nguvu ya ugonjwa ilivyopungua, hata baada ya siku 14 hivi ukawa hauna madhara. Walianza kumdunga mbwa kwa ule uliokauka zaidi, kisha siku baada ya siku kwa ule wenye nguvu zaidi. Mwili ulijifunza kujilinda kabla ya adui kufika katika ubongo.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe, Joseph Meister, mwenye miaka 9, ambaye siku mbili kabla alikuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa na ruhusa ya kutibu watu, na majaribio yake kwa mbwa yalikuwa bado hayajakamilika kama alivyotaka. Aliwataka shauri madaktari wawili. Waliona kwamba mtoto akiachwa atakufa, na mmoja wao, Dakta Grancher, akazipiga sindano hizo kwa mkono wake, jumla yake 13 kwa muda wa siku 10 hivi. Mtoto aliishi. Wapo waliomlaumu Pasteur wakati ule, na wapo wanaomlaumu hata sasa, kwa kumjaribia mtu dawa ambayo haijapimwa vya kutosha. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, ingawa mama yule hakuwa na njia nyingine.

Miezi michache baadaye aliletwa msichana wa miaka 10, siku 37 baada ya kuumwa kichwani. Pasteur alijua kuwa muda umepita, lakini hakuweza kuwafukuza wazazi. Msichana alikufa mwezi wa Desemba 1885. Mwezi wa Machi 1886 walifika Warusi 19 walioumwa na mbwa mwitu. Walikufa 3, na 16 wakarudi kwao. Michango ya fedha ilimiminika kutoka nchi nyingi, na mwezi wa Novemba 1888 ikafunguliwa mjini Paris taasisi yenye jina lake. Aliishi miaka 7 zaidi, akidhoofika, na alipofariki alizikwa kwa heshima za taifa.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa hapana budi tuseme alichokiacha bila kukimaliza. Sindano ya Pasteur humwokoa aliyeumwa, lakini haimzuii mbwa wa pili kumuuma mtoto wa pili. Chanzo cha maradhi kinabaki barabarani. Nchi zilizoutokomeza ugonjwa huu zilifanya hivyo kwa kuwadhibiti na kuwachanja mbwa wenyewe, na wataalamu wamekubaliana kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, mwaka hadi mwaka, mnyororo wa maambukizo hukatika. Hata hivyo, hesabu za wataalamu zinaonyesha kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na wengi wao ni watoto wa vijijini. Dawa ipo tangu mwaka 1885. Wanakufa kwa sababu haikuwafikia.

Chukua kwa mfano Hanga, mkoani Ruvuma, mahali panapojulikana kwa abasia ya watawa Wabenediktini. Mkulima wa huko humfuga mbwa kwa haja. Mahindi yasipolindwa huliwa na nyani na nguruwe mwitu, na mbwa ndiye mlinzi asiyedai mshahara. Mbwa huyo huzurura, hukutana na mbwa wengine, na porini huweza kukutana na bweha, ambaye naye huambukizwa kirusi hicho hicho. Mtoto akiumwa, safari ya kwenda kwenye sindano ni ya gharama, na sindano yenyewe si moja, hivyo safari ni kadhaa. Mzazi asiye na nauli husubiri. Naye kama akisubiri, yatampata yaliyompata msichana yule wa Paris. Kwa mtu wa Hanga, chanjo iliyopigwa kwa mbwa kijijini ina thamani kuliko ahadi ya dawa iliyoko mjini.

Msomaji wa Visiwani asiseme kwamba Hanga ni mbali na hayamhusu. Kisiwa cha Pemba kilisumbuliwa na kichaa cha mbwa kwa miaka. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa kizima walianza kuchanjwa kila mwaka, na kazi ikazidi kuboreshwa. Wataalamu walifuatilia kila tukio la kuumwa na kuvichunguza virusi vyenyewe, wakakuta minyororo 5 ya maambukizo ikienda sambamba. Kufikia Mei 2014 yote 5 ilikuwa imekatika. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, uliopatikana kwa mikono ya watumishi wa mifugo na afya na kwa ushirikiano wa wananchi.

Kisha chanjo ikasimama. Mbwa wakazaa, wale waliochanjwa wakafa, na kinga ya kisiwa ikayeyuka bila mtu kuona. Mwishoni mwa mwaka 2016 kirusi kililetwa tena Pemba kutoka nje ya kisiwa, si mara moja bali mara mbili, na ugonjwa ukazuka upya. Ilibidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe, na ugonjwa ulitokomezwa tena mwezi wa Oktoba 2018. Bahari haikuwa ukuta. Penye jahazi na boti, mbwa naye huvuka.

Lipo jambo moja ambalo sisi tuliosoma chuoni kabla ya skuli tunapaswa kulisema. Wapo wanaoona kwamba kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, basi mbwa hatuhusu, na kumshika ili achanjwe ni kazi ya watu wengine. Lakini fiqhi tuliyofundishwa imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na imetufundisha pia kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, chombo alicholamba. Hatusemi kwamba hukumu hiyo iliwekwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Tafsiri ya dini twawaachia masheikh. Tunasema tu kwamba watu waliozoea kuoshea chombo kwa uangalifu namna hiyo wasione taabu kuosha jeraha la mtoto. Madaktari wanataka jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa jeraha, sabuni itumike mahali pa udongo.

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno moja. Mwaka ambao hakuna mbwa mgonjwa ndio mwaka wa hatari, kwa maana ndio mwaka ambao fungu la chanjo huonekana kuwa la kupunguzwa. Pemba ilionyesha gharama ya kupunguza huko. Fungu hilo liwekwe kila mwaka, Bara na Visiwani kwa pamoja, mbwa wanaosafirishwa wakaguliwe bandarini, na sindano za walioumwa zipatikane bure na karibu na wananchi. Viongozi wa Chama katika mashina na matawi wanazijua nyumba zenye mbwa kuliko ofisi yoyote. Wao ndio wawaite watu siku ya chanjo ikitangazwa. Naye mwenye mbwa, awe Hanga au Pemba, amfunge kamba na kumpeleka.