Mtakatifu Noe Mawaggali, Mfinyanzi wa Mityana

Kila tarehe 3 Juni tunapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, mawazo yetu hukimbilia Namugongo, kwa Mtakatifu Karoli Lwanga na vijana wa ikulu waliochomwa moto. Lakini kati ya wale 22 wapo ambao hawakuwa watumishi wa ikulu, wala hawakufia Namugongo. Mmoja wao ni Noe Mawaggali, mfinyanzi. Tumeona tusimulie maisha yake kwa ajili ya waamini wa Nguvumali na kwingineko, wanaoamka alfajiri kutafuta riziki na kudhani kwamba utakatifu ni wa mapadre na watawa.

Noe aliishi Mityana, katika jimbo la Ssingo, magharibi mwa Kampala ya leo. Kwetu Tanga, vyungu vya Usambara hufinyangwa na akina mama. Buganda ilikuwa kazi ya wanaume, na Noe aliifanya kwa ustadi hata akawa mfinyanzi wa mkuu wa Ssingo.

Imani aliipata kwa majirani. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879, lakini kuanzia mwishoni mwa 1882 hadi 1885 walilazimika kuondoka. Katika miaka hiyo Wakristo wa Mityana walilelewa na walei wenzao, Matia Mulumba na Luka Baanabakintu. Matia alikuwa mtu mwenye cheo, lakini baada ya ubatizo hakuona aibu kufanya kazi za mikono. Wamisionari waliporudi, Noe alibatizwa mwaka huohuo wa 1885. Hakuacha ufinyanzi. Alitoka kisimani mwa ubatizo akarudi kwenye udongo wake.

Hapo ndipo tunapopata fundisho. Mfinyanzi huchimba udongo, huuchambua mawe, huukanda, hufinyanga, huanika kivulini, kisha huchoma. Jiwe dogo likisahaulika ndani, chungu hupasuka motoni. Chungu kikianikwa kwa haraka, hupata ufa. Mnunuzi haoni hayo sokoni. Anayajua mfinyanzi na Mungu wake. Kwa hiyo kufinyanga vema ni tendo la ukweli na la upendo kwa mama asiyejulikana atakayekipika chungu kile.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Twaweza kulisikia neno hilo kama masikitiko, kwamba atengenezaye vyombo vizuri hubaki na kigae. Mkristo analisikia pia kama habari ya Bwana wetu, aliyejitoa kwa ajili ya wengine, naye alikuwa fundi seremala kwa miaka mingi zaidi ya ile aliyohubiri.

Mwezi Mei 1886 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi. Matia na Luka walikamatwa wakapelekwa Kampala. Matia alikatwa mikono na miguu, ile mikono iliyokubali kazi ya watu wa chini. Tarehe 31 Mei wavamizi walifika Mityana. Noe alichomwa mkuki, akararuliwa na mbwa, akafa akiwa na umri wa miaka kama 35. Dada yake Munaku alitekwa siku hiyo. Baadaye mapadre walimkomboa, akabatizwa Maria Matilda, akaishi bila kuolewa akimtumikia Mungu. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Noe na wenzake kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Noe hakuwa Mkristo kwa miezi hata minane. Ujasiri wa siku ile haukuanguka ghafla kutoka mbinguni: aliuandaa kila siku kwa subira, kwa uaminifu katika mambo yasiyoonekana, na kwa kusali pamoja na jirani zake.

Ukilisoma jina la Nguvumali kwa maneno mawili, utasikia kwamba nguvu ni mali. Ni kweli, lakini nguvu iliyotolewa kwa Mungu ni zaidi ya mali, ni sala. Fundi cherehani asiyeiba kitambaa, mama ntilie asiyeuza chakula kilicholala, dereva wa bodaboda anayemfikisha abiria salama, nasi waseminari tunaofagia na kulima bustani kabla ya vipindi vya falsafa, sote tuna udongo mkononi. Tukiamka kesho, kabla ya kushika kazi, tufanye ishara ya msalaba na kumkabidhi Mungu siku nzima. Kisha tuuchambue udongo wetu mawe.

Mtakatifu Noe Mawaggali, utuombee.