Maria Montessori: Daktari aliyewapa kitabu watoto walioitwa punguani

Katika miji yetu ni nadra kupita mitaa miwili mitatu usione kibao cha shule ya chekechea kilichoandikwa Montessori. Wazazi wengi hudhani hilo ni jina la mtindo fulani wa kizungu wa kuwafunza watoto wa wenye nacho. Wachache hujua kwamba ni jina la mtu. Na wachache zaidi hujua kwamba mtu huyo hakuanza kazi yake kwa watoto werevu wala kwa watoto wa matajiri, bali kwa watoto waliokuwa wamefungiwa katika hospitali za wendawazimu mjini Roma.

Mimi nami sikuyajua hayo mpaka shida iliponifika mlangoni. Imepita miaka zaidi ya ishirini sasa. Kijana wangu wa kwanza alikuwa darasa la pili hapa Nairobi. Nyumbani alikuwa mwepesi: akitumwa dukani hakosei chenji, na redio ikinyamaza yeye ndiye wa kwanza kuifungua. Lakini mbele ya kitabu alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Herufi b na d kwake zilikuwa kitu kimoja, na neno alilolisoma leo kesho lilikuwa geni. Mwalimu wake aliniita, akanieleza kwa upole kwamba mtoto anachelewesha darasa lenye watoto zaidi ya sitini, na kwamba ningefanya vyema kumtafutia mahali pengine.

Nilimpeleka katika shule moja ya kulipia iliyokuwa na jina la Montessori langoni. Alipewa karatasi asome, akashindwa. Nikaambiwa kwamba shule hiyo huchukua watoto wanaofahamu upesi tu. Tulirudi nyumbani kwa basi, mimi na yeye, bila ya kusema neno. Tangu siku hiyo nilitaka kumjua huyo ambaye jina lake lilimfungia mwanangu lango. Nikaanza kuazima vitabu katika maktaba. Niliyoyakuta humo yalinishangaza, na ndiyo ninayowasimulia wasomaji leo.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti mwaka wa 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona, nchini Italia. Babake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mamake, Renilde, alikuwa mpenzi wa vitabu wakati ambapo wanawake wengi wa nchi hiyo hawakujua hata kuandika majina yao. Mwaka wa 1875 jamaa hiyo ilihamia Roma, na huko ndiko Maria alikokulia.

Alipotimiza miaka 13 aliingia shule ya ufundi, mahali pa wavulana, akitaka kuwa mhandisi. Baadaye akabadili nia, akasema atakuwa daktari. Babake hakufurahi, lakini mamake alisimama naye. Katika chuo kikuu cha Roma haikuonekana adabu kwa mwanamke kupasua maiti akiwa pamoja na wanafunzi wa kiume. Kwa hiyo ilimbidi kufanya kazi hiyo peke yake jioni, wenzake wakiwa wamekwenda zao. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1896 alipata shahada yake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa madaktari nchini Italia.

Mwaka uliofuata alianza kufanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho. Kazi yake ilimpeleka katika hospitali za wendawazimu, na humo ndimo alimokutana na watoto. Hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watoto wazito wa kujifunza, wengine viziwi, wengine wenye kifafa, ambao shule ziliwakataa na wazazi hawakujua wawafanye nini. Walifungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa, katika vyumba vitupu visivyokuwa na chochote cha kushika.

Husimuliwa kwamba siku moja mlezi wa chumba kimoja alimlalamikia kwamba watoto hao ni wachafu, kwa sababu baada ya kula hujitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Daktari Maria akatazama chumba chote. Hakuona mwanasesere, wala kijiti, wala kopo. Akafahamu kwamba watoto hawakuwa na njaa ya tumbo. Makombo yale ndiyo yaliyokuwa kitu cha pekee cha kushika na kuchezea. Mikono yao ilikuwa ikitafuta kazi.

Tangu hapo hakutulia. Alitafuta maandishi ya madaktari wawili Wafaransa waliokuwa wamekwisha kusahauliwa na wengi. Wa kwanza ni Jean Itard, aliyejaribu kumfunza Victor, mvulana aliyeonekana akiishi porini huko Aveyron. Wa pili ni Édouard Séguin, mwanafunzi wa Itard, aliyetengeneza vifaa vya kuwafunza watoto wazito kwa kugusa na kutenda. Maria aliyatafsiri maandishi yao kwa Kiitaliano, akiyanakili kwa mkono wake ili asipitwe na neno hata moja.

Mwaka wa 1898, katika mkutano mkubwa wa walimu mjini Turin, alisimama kuwatetea watoto hawa. Fikira yake ilikuwa fupi lakini nzito: shida yao haikuwa ya dawa zaidi ya ilivyokuwa ya mafunzo. Wanaohitaji kutibiwa si wao peke yao, ni shule pia. Jambo hilo halikuwa rahisi kusemwa na mwanamke wa miaka 28 mbele ya wakubwa wa elimu.

Mwaka wa 1900 ilifunguliwa Roma shule ya kuwafunza walimu wa watoto kama hao, na Maria akawa mkuu wake pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Watoto waliletwa kutoka katika shule za mji na katika hospitali ya wendawazimu. Maria alishinda nao tangu asubuhi mpaka jioni, na usiku akakaa kuandika aliyoyaona. Aliagiza herufi za mbao, watoto wakazipapasa kwa vidole mara nyingi mpaka mkono ukajua njia kabla ya jicho. Hakuwaharakisha. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake.

Baada ya muda baadhi ya watoto hao waliweza kusoma na kuandika. Waliketi mitihani ya shule za umma pamoja na watoto wa kawaida, nao wakafaulu. Watu waliita muujiza. Yeye alijiuliza swali lingine: ikiwa watoto walioitwa punguani wanaweza kufikia walipofika watoto wazima, je, shule za watoto wazima zinawafanya nini hata wasiende mbele zaidi?

Hapa ni lazima niseme jambo moja la huzuni, maana maisha ya mtu si sifa tupu. Mwaka huohuo wa 1898 Maria alijifungua mtoto wa kiume, Mario, aliyemzaa na Daktari Montesano nje ya ndoa. Katika Italia ya siku zile jambo hilo lingemmaliza kabisa. Mtoto alipelekwa shambani kulelewa na watu wengine, na mamake akawa mgeni wa kumtembelea. Mwaka wa 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, na Maria akaiacha shule ile. Mario alirudi kwake akiwa kijana, na kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba ni mpwa wake. Mwanamke aliyewafungulia mlango watoto wa wengine alilazimika kumfungia wake.

Mengine wengi wamekwisha kuyasikia. Tarehe 6 Januari mwaka wa 1907 alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Vifaa alivyovitumia kwa watoto wazito sasa alivipa watoto wa wafanyakazi. Kwa kuwa herufi za mbao zilikuwa ghali, alikata herufi za msasa akazibandika kwenye kadi. Watoto wa miaka minne wakaanza kuandika, na sifa zake zikaenea duniani.

Mussolini alimpenda kwanza, kisha wakakosana, na katika mwaka wa 1934 Maria aliondoka Italia. Vita vya pili vya dunia vilimkuta India, alikokwenda mwaka wa 1939 kufunza walimu. Waingereza walimweka Mario kizuizini kwa sababu alikuwa Mwitaliano, wakamwachilia siku mamake alipotimiza miaka 70. Maria alifariki tarehe 6 Mei mwaka wa 1952 huko Noordwijk, Uholanzi. Baadaye nchi yake ilichapisha sura yake kwenye noti ya lira 1,000.

Basi narudi kwa mwanangu. Nilipokwisha kusoma hayo niliona kwamba sina haja ya kutafuta shule nyingine. Haja yangu ni kwamba shule aliyokuwa nayo ibadilike kidogo. Kenya ilikuwa imeanza kufungua vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum tangu mwaka wa 1984, lakini mimi sikuwa nimepata kuvisikia. Tulimpeleka katika kimoja, tukapewa barua iliyoeleza kwamba akili yake haina kasoro, ila kusoma kwake kuna shida.

Nilimwendea mwalimu mkuu na barua hiyo mkononi, nikaomba mambo matatu: aketi mbele karibu na ubao, aulizwe maswali kwa mdomo pale inapowezekana, na aongezewe dakika chache katika majaribio. Mwalimu wa darasa aliogopa kwamba wazazi wengine watasema ni upendeleo. Simlaumu, watoto sitini si mzaha. Mwalimu mkuu aliamua tujaribu kwa muhula mmoja.

Nyumbani nilipata vipande vya msasa kwa seremala, nikakata herufi. Mama yake alitandaza unga kwenye sinia, mtoto akaandika humo kwa kidole, akafuta, akaandika tena. Muhula mmoja ukawa miwili, kisha ikawa desturi. Hakupata kuwa wa kwanza darasani. Lakini alipofika darasa la tano alinisomea barua ya shangazi yake mwanzo hadi mwisho, nami nikatoka nje nisije nikaonekana machozi.

Siku hizi mzazi ana pa kusimama zaidi kuliko nilivyokuwa mimi. Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum. Lakini haki isiyoombwa hulala. Mzazi aende mapema mtoto akapimwe, aweke maandishi, azungumze na walimu kwa heshima, wala asichoke kurudi.

Kijana wangu leo ni fundi wa umeme na hujaza hati za kazi kwa mkono wake mwenyewe. Husoma polepole, naye atalisoma gazeti hili polepole. Kila nipitapo penye kile kibao cha lango hukumbuka watoto wa Roma waliookota makombo sakafuni. Wao ndio waliolipatia jina hilo sifa yake, na shule yoyote inayolibeba ina deni kwao.