Ajayi Arudi kwa Watu Wake

Jina la Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu wa Kianglikana, mwaka 1864, wasomaji wetu wengi wamelisikia. Lakini si wengi wajuao jinsi alivyorudi kwa watu wake, nasi tumeona vema kuisimulia habari hiyo.

Alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1821 wavamizi waliuzingira mji ule, wakautia moto. Ajayi alitekwa pamoja na mama yake na ndugu zake, kisha wakagawanywa kama mali, huyu huku na huyu kule. Kijana aliuzwa mara nyingi hata akafika pwani, akapakiwa katika merikebu ya Wareno. Mwezi wa Aprili, mwaka 1822, manowari za Waingereza ziliikamata merikebu ile, na mateka wakapelekwa Sierra Leone, wakawa huru. Huko alijifunza kusoma, akabatizwa mwaka 1825, akawa mwalimu. Lakini lugha ya mama yake hakuiacha, hata mwaka 1843 akapiga chapa kitabu cha maneno ya Kiyoruba. Mwaka uo huo aliwekwa kuwa kasisi huko Uingereza.

Kisha alitumwa pamoja na wenzake kwa Wayoruba. Wakakawia Badagry, penye pwani, mwaka na nusu, kwa kuwa Sodeke, mkuu wa Abeokuta, alikuwa amekufa, na njia za bara hazikuwa salama. Hata Agosti 1846 wakaingia Abeokuta, mji uliojengwa na watu waliokimbia vita. Mji wa utoto wake ulikuwa umeharibiwa. Hapakuwa na nyumba ya baba ya kubisha hodi.

Tarehe 21 ya mwezi ule akaja mama mmoja mzee. Ndiye Afala, mama yake, ambaye naye alionja utumwa. Miaka 25 ilikuwa imepita. Mama alitetemeka, wakashikana, wakatazamana kimya huku machozi yakimtiririka. Tena waliposema, hawakuhitaji mkalimani.

Afala akakaa kwa mwanawe, akafundishwa kwa lugha yake mwenyewe, na mwaka 1848 akabatizwa, akaitwa Hanna, kama mama yake Samweli wa zamani. Mwana naye akaendelea kuitafsiri Biblia kwa Kiyoruba pamoja na wenzake, hata ikatimia. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891.

Sisi tuliokaa mbali na kwetu, tukirudi, hutazama kwanza kama nyumba ingali imesimama na kama miembe ingali inazaa. Ajayi hakukuta hata kimoja. Lakini moto wa wavamizi haukuiteketeza lugha aliyonyonya pamoja na maziwa, na kwa lugha hiyo alifika nyumbani. Basi ndugu, tusione haya kusema lugha za mama zetu, wala tusikawie kwenda kuwaamkia wangali hai.