Robert Koch (1843–1910)

Mtahiniwa, jina la Koch unalijua kutoka mada ya bakteria. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1882 akatangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Safari zake za huku kwetu ndizo zinazosahaulika.

Mwaka 1906 alifika Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa wamefungua taasisi ya utafiti mwaka 1902. Hapo alichunguza vimelea ndani ya mbung'o. Kisha alipitia Mwanza hadi visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale ilikuwa ikiua watu kwa maelfu. Alikuwa na Atoxyl, dawa yenye aseniki. (Usiandike kuwa aliigundua yeye, watafiti wa Liverpool walikwisha kuijaribu dhidi ya vimelea hivyo mwaka 1905.)

Alichoma sindano za nusu gramu siku mbili mfululizo, akarudia kila baada ya siku kumi. Vimelea vikatoweka katika damu, na wagonjwa waliobebwa wakainuka. Kabla mwaka haujaisha, Koch aliifananisha dawa hiyo na kwinini kwa malaria. Hapa tulia kidogo. Malale inaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka, kumuua mtu. Yeye aliamua kwa matokeo ya miezi michache. Tena hakutenga kundi la wagonjwa wa kulinganisha. Ni kweli, kumnyima dawa mtu anayekufa ni swali gumu, na hata leo majaribio ya magonjwa adimu hubishaniwa kwa sababu hiyo. Lakini bila ulinganisho, utajuaje nani ameponywa na dawa na nani amepata nafuu ya muda tu?

Vimelea vilirudi. Koch akapandisha kipimo hadi gramu moja. Wagonjwa wakapata maumivu ya tumbo na kizunguzungu, wengine wakatoroka kambini. Zaidi ya ishirini walipofuka, na macho yao hayakurudi. Ndipo akashusha kipimo.

Aliondoka mwaka 1907. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, alibaki, na mwaka 1909 akaonyesha kuwa vimelea hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.