Imam Ghazali na Amana ya Kupanga Hoja

Hapa pwani jina la Imam Ghazali si geni. Kitabu chake kikubwa, Ihyaa Ulumuddin, kimesomwa na kufasiriwa katika darasa za masheikh wetu, hasa wale waliopokea elimu kwa masharifu wa Hadhramaut, ambao wamekienzi kitabu hicho kizazi baada ya kizazi. Wengi humjua Imam kwa uchaji Mungu na kuipa dunia mgongo. Lakini liko jambo jingine katika maisha yake ambalo halisemwi sana, nalo ni namna alivyokuwa akipanga maneno yake kila alipoandika elimu. Kwake yeye mpango wa hoja haukuwa pambo. Ulikuwa ni amana baina ya mwandishi, msomaji na yule anayebishana naye.

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus nchi ya Khurasan, ambao leo umo kaskazini mashariki ya Iran. Lugha ya kwao ilikuwa Kiajemi. Kiarabu kilikuwa lugha ya chuoni. Wapokezi wasimulia kwamba baba yake alifariki yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo, akawaacha mikononi mwa rafiki yake, mtu wa tasawufi. Akiba ilipokwisha, watoto hao waliingizwa madrasa ambako mwanafunzi alipata chakula chake pamoja na somo.

Yasimuliwa pia kwamba alipokuwa akirudi kutoka masomoni Jurjan, wanyang'anyi waliuteka msafara wao na kumpokonya mfuko wa daftari zake. Kijana aliwafuata akiwasihi wamrudishie maandishi yake tu. Mkuu wao alimcheka: ni elimu gani hiyo ambayo mtu akichukuliwa mfuko hubaki hana kitu? Daftari alirudishiwa, lakini maneno yalimchoma. Yasemekana alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, hata elimu ikawa imo kifuani na si mfukoni.

Baadaye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramain Juwaini, bingwa wa fikihi na elimu ya kalamu. Huko ndiko alikopata ustadi wa munadhara, yaani kujadiliana kwa kanuni. Juwaini alipofariki mwaka 478 Hijria (1085), Ghazali aliingia katika baraza la waziri mkubwa wa Waseljuki, Nidhamul Mulk, naye pia mtu wa Tus. Mwaka 484 (1091), akiwa na umri wa miaka 33 tu, waziri huyo alimteua kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi wake walifika 300.

Wakati huo falsafa ya Kiyunani, kama ilivyofasiriwa na Farabi na Ibnu Sina, ilikuwa imewavutia watu wengi wenye akili, na baadhi yao wakaanza kuidharau dini. Wanachuoni waliowapinga walikuwapo, lakini wengi walipinga kwa kukemea. Ghazali aliona kuwa mtu anayeipinga elimu kabla ya kuifikia ndani yake ni kama mtu arushaye jiwe gizani. Basi katika saa alizozipata baina ya darasa na kuandika, alivisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake kwa muda usiotimia miaka miwili, kisha akatumia kiasi cha mwaka mwingine kuyatafakari aliyoyasoma.

Matunda yake yalikuwa vitabu viwili. Cha kwanza ni Maqasidul Falasifa. Humo anayaeleza makusudio ya wanafalsafa kama wao wenyewe wangeyaeleza, bila kuyatia ila wala kuyapunguza. Wachunguzi wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kitabu hiki yafuata Daneshnama, kitabu ambacho Ibnu Sina alikiandika kwa Kiajemi. Lakini katika dibaji Ghazali anamtahadharisha msomaji: haya si maneno yangu, ninayapanga mbele yako ili uyafahamu kwanza, kisha tuyapime.

Kipimo chenyewe ni kitabu cha pili, Tahafutul Falasifa, alichokimaliza mwaka 488 Hijria (1095). Hicho kina utangulizi wa sehemu nne, kisha mas'ala 20, kisha hatima. Katika kila mas'ala huanza kwa hoja ya wanafalsafa, halafu jawabu lake, halafu lile ambalo wangeweza kulirudisha, halafu jawabu la hilo nalo. Anatamka wazi kwamba kazi yake hapo ni kuonyesha kuwa wanafalsafa hawana ushahidi wa yakini wanaoudai. Kuthibitisha itikadi ya haki amekuwekea kitabu kingine. Kwenye hatima anatoa hukumu, wala haitandazi juu ya yote 20: mambo matatu tu ndiyo anayoyahesabu kuwa ukafiri, nayo ni kudai kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kudai kuwa Mwenyezi Mungu hajui mambo madogo moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili.

Mwaka huo huo, mtu ambaye hakuna aliyemshinda kwa hoja alishindwa na nafsi yake. Alijipima akaona kwamba nia yake katika kusomesha haikuwa safi, bali ilichanganyika na kutafuta jaha na sifa. Alitaabika karibu miezi sita, mara aondoke, mara abaki, hata siku moja ulimi ukamfunga asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa huu umetoka moyoni. Ndipo alipogawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad kwenda Sham, Baitul Muqaddas na Hija.

Katika miaka hiyo ya upweke ndipo alipoiandika Ihyaa: robo nne, za ibada, mazoea, mambo yanayoangamiza na yanayookoa, na kila robo ina vitabu kumi. Mtazame anavyofungua mlango wake. Kwanza anaonyesha ukubwa wa elimu ya akhera. Kisha analalamika kwamba wanachuoni wa zama zake wameisahau. Kisha anakiri kwamba waliomtangulia wameandika juu ya baadhi ya mambo haya, na anataja matano atakayoongeza: kufungua walilolifunga, kupanga walilolitawanya, kufupisha walilolirefusha, kuondoa walilolikariri, na kuhakiki yaliyo magumu ambayo hayakuguswa.

Yafaa msomaji ajue kwamba karibu miaka 900 baadaye, mwaka 1990, mtaalamu wa lugha Mwingereza, John Swales, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi utangulizi wa makala ya utafiti unavyojengwa: mwandishi huonyesha uwanja wa elimu, huonyesha pengo lililomo, kisha husema atakavyoliziba. Wataalamu wa Iran wamekitumia kipimo hicho kulinganisha makala za waandishi wa Kiajemi na za Waingereza, na baadhi yao wakaona kwamba waandishi wa Kiajemi huwa wazito kuwakosoa wazi waliowatangulia. Hilo huenda likawa ni adabu ya vyuo vyao vya leo, lakini si tabia ya damu. Huyu hapa mwana wa Tus, aliyelitaja pengo la wenzake bila ya kificho na bila ya matusi.

Tena alijua kuwa mpango hufuata msomaji. Alipowaandikia watu wa kawaida wa nchi yake kwa Kiajemi, katika Kimiyai Saadat, alichukua maudhui ya Ihyaa na kuyafupisha kwa maneno mepesi. Aliweka mbele milango minne: kuijua nafsi, kumjua Mungu, kuijua dunia na kuijua akhera. Atakaye undani alimwelekeza kwenye vitabu vya Kiarabu.

Mwaka 499 Hijria (1106) alikubali kurudi kusomesha, safari hii Nishapur. Hatimaye alirejea Tus, akafa huko mwezi wa Jumadal Akhir mwaka 505, yaani Desemba 1111.

Lililofuata ni la kustaajabisha. Katika karne hiyo hiyo ya 12 Maqasid ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo, Hispania, lakini nakala nyingi zilizoenea Ulaya hazikuwa na ile dibaji. Wasomi wa Kikristo wakamdhania mwandishi, waliyemwita Algazel, kuwa ni mfuasi mwaminifu wa Ibnu Sina. Hata katika kitabu kinachonasibishwa na Giles wa Roma, kilichokusanya makosa ya wanafalsafa, Algazel naye amepangiwa makosa yake, yale yale aliyoyaeleza ili ayabomoe. Twasema nyumba nzuri si mlango, lakini nyumba hii ilipoondolewa mlango wageni hawakumtambua mwenyewe. Kwa Waislamu mambo yalikuwa mbali na hayo: Ibnu Rushdi wa Andalusia alipotaka kumjibu, aliifuata Tahafut hatua kwa hatua, akaweka maneno ya Ghazali mbele kabla ya kuyapinga. Alimpinga kwa adabu ile ile aliyoifuata Ghazali.

Leo tunao wasemaji wengi wepesi wa kujibu, na wachache wanaoweza kuyaeleza maneno ya mpinzani mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Imam alianza na hilo, na nguvu ya majibu yake ilitoka hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu.