BWANA ALFRED BÜCHI, BABA WA TURBO

Kamyo ikipanda mlima na mizigo, tunasikia turbo inalia. Nani aliianzisha? Ni Bwana Alfred Büchi, mtu wa Uswisi, aliyezaliwa Winterthur mwaka wa 1879. Alisoma Zürich, akafanya kazi Ubelgiji, halafu akarudi kwao katika kiwanda cha Sulzer.

Bwana huyu aliona kwamba moshi wa mashine unatoka na nguvu nyingi, na nguvu ile inapotea bure. Akawaza hivi: moshi uzungushe gurudumu, nalo gurudumu lisukume hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mazutu mengi zaidi yataungua. Mwaka wa 1905 akaandikisha uvumbuzi wake.

Lakini majaribio ya kwanza hayakufaulu. Hakuacha. Miaka 20 hivi ikapita, ndipo mashine za meli mbili za Ujerumani zikapanda toka nguvu za farasi 1750 mpaka 2500.

Siku hizi wako vijana wanaoongeza presha ya turbo kwa siku moja tu, ili motokari ikimbie. Hewa ikikandamizwa inapata moto. Mafuta yanalipuka mbele ya wakati, na pistoni inatoboka. Anayetaka kupandisha presha apoze hewa kwanza, alinganishe mafuta, apandishe kidogo kidogo huku akipima.

Bwana Büchi alikufa mwaka wa 1959. Yeye alipima miaka 20. Sisi je, tutashindwa kungoja siku chache?